Mama Tamar na Zéro Zake za Mbele

Mama Tamar Kahongya alianza kazi mu kituo chetu cha afya cha Kimemi mwaka 1993. Tarehe 28 ya huu mwezi wa tatu anaacha kiti chake cha bureau ya fiches, karatasi za bagonjwa, nyuma ya miaka makumi tatu na miwili. Directeur alitafuta mutu wa kuandika habari zake. Nikainua mukono. Masomo yangu ilikwisha mu mwaka wa tatu primaire, lakini hapa hakuna anayemujua Mama Tamar kunipita mimi Syauswa, sentinelle, mulinzi wa mulango, na mubeba karatasi.

Kituo chetu kiko na tawi Beni, mu Bungulu. Numero ya fiche ya Bungulu inaanzaka na zéro, ya Kimemi hapana. Na kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa, basi kila avenue iko na ba Kanyere bake, babinti ba zamu moja. Numero ndiyo inabaachanisha.

Mu 2019 ordinateur, mashini ya kompyuta, ikafika. Élisée, informaticien, fundi wetu wa kompyuta, akaingiza fiches zote mu tableau, na zéro za mbele zikapotea zote, sababu mashini ilizania numero ni hesabu. Élisée akasema zéro ya mbele haina uzito.

«Élisée mwanangu, hiyo zéro ni Bungulu muzima,» mama akamujibu. «Batu ba Bungulu umebapeleka wapi?»

Tukacheka. Akakatala kutupa cartons zake za zamani, masanduku ya fiches, akakuwa anazipitia na bic nyekundu, kalamu yake, zéro kwa zéro. Mimi ndiye nilimupatia jina Mama Zéro, na ni jina zuri.

Siku moja, saa ine ya asubuhi, bakaleta Kanyere wa Kimemi, homa inamupiga, hawezi hata kusema. Mu ordinateur ba 417 balikuwa babili. Infirmier, muuguzi wa zamu, akasoma fiche ya wa kwanza. Pénicilline, hakuna shida. Bakanipatia karatasi ya dawa nipeleke pharmacie. Mimi natembeaka mbio, kila mutu anajua. Mama Tamar akanishika mukono pa mulango wake.

«Papa Syauswa, hiyo ni ya Kanyere gani?»

«Numero ni numero, Mama Zéro. Uniache nipite.»

«Ikaa hapo.»

Nikaikaa. Akafungua sanduku. 0417, Kanyere wa Bungulu: pénicilline ndiyo. 417, Kanyere wa Kimemi: pénicilline hapana, sindano ilimuvimbisha koo mu 2011, alibakia kidogo afe. Karatasi ikarudi kwa munganga, dawa ikabadilishwa, na nyuma ya siku ine Kanyere akarudi kwake kwa miguu. Na basisahau nani alikubali kusimama. Mwingine angepita.

Kesho yake Élisée akabeba kiti chake mwenyewe, akaikaa pembeni ya mama. Akafanya colonne, ule mustari wa numero mu ordinateur, ikuwe ya maandishi, hapana ya hesabu, na mama akarudisha zéro zote mia sita na kumi na mbili, kwa kidole kimoja. Ilikula wiki tatu. Chai yake ilikuwa inapoa kila siku, mimi nikamusaidia kuinywa.

Juzi secrétariat imetoa attestation yake ya kustaafu: matricule, numero yake ya kazi, 31. Ya kweli ni 0031. Batu ba masomo batano balitia signature, hakuna aliyeona. Mimi niliona. Nimeandika hizo zéro mbili mwenyewe, na bic nyekundu uliyoacha mu tiroir ya meza yako. Kama zimeinama kidogo, mama, uziache hivyo.

Aksanti kwa kazi yote. Urudi kwako Vulamba, unywe chai ikingali moto, na Mungu akupatie miaka mirefu ya kupumuzika.