Salome Wachuka na Barua ya P.T.O.

Marehemu Salome Wachuka alizaliwa Tetu mwaka 1921, mtoto wa tatu wa Ngatia na Murugi. Shule hakupelekwa. Mwaka 1969 aliingia ngumbaru, darasa la watu wazima, akafika herufi M, kisha kahawa ikaiva.

Aliolewa na Kihara tarehe 6 Agosti 1940, wakakaa Othaya. Alichuma kahawa, akafuga ng'ombe wawili na mbuzi mmoja, na siku za soko aliuza viazi. Mtu akisema viazi ni vidogo, alimjibu, "Basi menya polepole." Alirudi na gunia tupu.

Januari 1974 tumbo lilivimba. Alipimwa hospitali, akaambiwa angoje barua. Ilifika tarehe 4 Februari. Kihara hajui kusoma na watoto walishahama, basi wakaitwa wasomi: mpwa wake Moffat, karani wa kuvaa tai, na mwalimu Wamae, ambaye ana tai mbili. Walisoma kwamba uvimbe lazima utolewe. Chini kabisa kulikuwa na herufi tatu, P.T.O.

"Hiyo ni jina ya daktari," alisema Moffat.

"Jina gani? Hiyo ni digrii, bwana," alisema Wamae. "Imepita B.A."

"Na siku ya kwenda?" aliuliza Wachuka.

"Hajaandika, mama. Mtu wa digrii haharakishwi. Wewe ngoja."

Walibishana mpaka birika la pili likaisha. Wachuka alinyoosha mkono aishike karatasi. Moffat akaiweka juu ya kabati, ati asiipake masizi.

Alingoja wiki tisa. Aprili, Kihara alimpeleka mwenyewe, barua mfukoni. Muuguzi aliigeuza. Nyuma iliandikwa aje tarehe 18 Februari, kitanda kipo.

"P.T.O. ni pliz tani ova," alisema muuguzi. "Tafadhali geuza. Wazungu waliyakata maneno wasichoke kuandika. Kwani hamkugeuza?"

Uvimbe ulikuwa umeenea. Wachuka alifariki tarehe 12 Mei 1974, saa nne asubuhi.

Wasomi wawili, vyeti ukutani, na hakuna aliyegeuza karatasi. Mbuzi wa Wachuka angeigeuza, hata kama ni kwa kuila.

Ameacha mumewe Kihara, watoto Ngendo, Kagure wa Mwea na Gatimu wa Naro Moru, na wajukuu saba.

Mwalimu Wamae amejitolea kuandika msalaba, akauliza kama atie R.I.P. Asitie. Mbao ni ndefu za kutosha. Aandike jina lote, halafu aandike neno kwa neno, bila kukata: Apumzike kwa amani.