Chumba Kipya cha Mapipa

Kijiwe chao kiko pale barabara kuu inapokutana na kichochoro cha kushukia ziwani, mbele ya duka la kinyozi aliyehama zamani. Benchi lenyewe ni la mbao za mapipa ya mvinyo yaliyochakaa, kazi ya mikono ya fundi Mapipa, na ukilikalia mchana kutwa suruali inanuka zabibu mpaka jioni. Jua la mji ule halina mchezo. Linaivisha pichi, linaivisha zabibu, na wanakijiwe nao linawaivisha polepole. Siku hiyo Mapipa alikuwa ameshika kikombe cha kahawa na kahawa imeshapoa. Uani kwake alikuwa amejenga chumba cha wageni: kitanda kipya, shuka nyeupe, dirisha kubwa. Binti yake, anayefua shuka za hoteli kwenye jiji la mbali, alimwambia kwenye simu: baba, siku akilala mgeni mmoja, mmoja tu, nafunga virago narudi tukiendeshe pamoja. Sasa mavuno ya zabibu yameshaanza, na chumba hakijalaliwa hata na paka.

Ng'ambo ya barabara basi la watalii lilikuwa limesimama. Wageni walishanunua matunda, walishaonja mvinyo, walishapiga picha zao, na wameanza kupanda.

— Haya, wanaenda zao, alisema Mapipa. Hivi sisi tuna kasoro gani, jamani?

— Kasoro ni mvinyo, alisema Waziri, dereva mstaafu wa lori la matunda, ambaye hakuna wizara asiyojua siri zake. Mgeni anaonja, anasinzia, akija kushtuka yuko mji mwingine.

— Kwa vikombe vile? Bi Pichi, muuza matunda, aliguna. Pale hata sisimizi halewi.

— Basi ni dereva wa basi. Kapewa chake na wenye hoteli za huko mbele.

— Na wewe shemeji, miaka yote ile ulipewa nini?

— Mimi nilibeba matikiti, Bi Pichi. Tikiti halilali hotelini.

Moto, muuza kahawa, alicheka mpaka birika likamyumbia mkononi.

— Mnahangaika bure, alisema. Ni jua. Mtu anashuka hapa, anga safi, maji ya bluu, zabibu zinaning'inia, hana hata wingu la kulalamikia. Anaingiwa na wasiwasi. Anajiuliza, hawa watu wananificha nini?

— Hilo lina akili, alisema Waziri. Tukimwaga maji juu ya basi likifika, wakadhani ni mvua, watatulia.

— Nyie nanyi, alisema Bi Pichi. Wanaondoka kwa sababu pichi zangu ni tamu kupita kiasi. Mtu akishakula anakimbilia kwao kuhadithia. Ningeuza mbichi, wangekaa kusubiri ziive.

— Basi uza mbichi wiki hii, alisema Mapipa.

Hakucheka. Ndipo wenzake walipojua kwamba mwenzao yamemfika kooni.

— Atarudi tu, kaka, Moto alisema kwa upole.

— Namkumbuka mwanangu, Moto. Nyumba imekuwa kimya tangu mama yake afariki. Nikidondosha kijiko nafurahi kusikia kitu.

Wakati huo huo mama mmoja mwenye kofia pana ya majani alitoka upande wa basi akavuka barabara, pichi iliyong'atwa mkononi, majimaji yakimchuruzika hadi kiwikoni.

— Hamjambo, jamani?

— Hatujambo, mama. Karibu ukae.

Alitaka kukaa, akasita. Akazunguka nyuma ya benchi. Kutoka pale mizabibu inashuka mstari kwa mstari mpaka kwenye maji, na ziwa lote limetandazwa chini ya jua. Akasimama akatazama.

— Samahani, naomba kuuliza. Mbona benchi limetazama barabara?

Waziri aligeuza shingo akatazama nyuma. Bi Pichi alianza kuzipanga pichi zilizokwisha kupangwa. Moto aliinamisha birika apate cha kufanya, halikutoa hata tone.

Mapipa alijua jambo hilo lilivyoanza. Zamani lori la mnunuzi lilitokea barabarani bila taarifa, na aliyeliona kwanza ndiye aliyeuza kwanza. Ziwa lilikuwa la kumwagilia tu. Lakini siku hizi mnunuzi anapiga simu, na aliyekuwa dereva wa lori lile ni Waziri, amekaa nao hapo hapo benchini. Walikuwa wanamngojea nani? Halafu akakumbuka chumba chake.

— Mama, alisema taratibu, mimi nina chumba cha wageni. Kina dirisha kubwa.

— Linatazama wapi?

Mapipa alikuna kichwa.

— Barabarani. Malori yote unayaona.

Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi, wala si kicheko cha dharau, na Mapipa naye akajikuta anacheka.

— Na ukuta wa nyuma je?

— Nyuma ya ukuta ni mizabibu, halafu maji.

— Basi la kutwa limenichosha, mwenzangu. Utoboe hapo, nami nalala kwako leo hii, hata kama ni tundu tu.

Basi lilipiga honi. Mama akampungia dereva mkono aende. Waziri, ambaye mwaka mzima hakuwa amenyanyua kitu kizito kuliko kikombe, alikuwa ameshashika ncha moja ya benchi, Moto ya pili, na Bi Pichi anawaelekeza kwa ukali waligeuzie ziwani. Mapipa alisogea pembeni akapiga simu.

— Mwanangu, mgeni kapatikana.

— Kweli, baba? Analalia zile shuka nyeupe?

— Analalia. Ila wewe njoo na nyingine, hizi zitajaa vumbi. Naenda kubomoa ukuta.