Aliyekaa Nami Busia

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naona wengine mmeshajiweka sawa kusikia mambo makubwa. Poleni. Ushuhuda wangu hauna ndoto wala sauti kutoka juu. Nitaeleza yaliyotokea kama yalivyotokea, na mkiona Mungu ndani yake, basi mumshukuru pamoja nami.

Nilizaliwa Kongo, na kazi yangu ni uuguzi. Niliisomea kwa Kifaransa, nikaifanya katika hospitali ya kwetu mpaka vita vikafika. Waliokuwa wakitafutwa kwanza ni watu waliosoma. Mimi na mke wangu Anjelina tuliondoka na nguo tulizovaa, tukapita msituni, tukaingia Uganda. Uhuru wa nchi hii ulikuwa bado mpya, watu walikuwa na furaha, na walitupokea vizuri. Mkulima mmoja wa kijiji cha Kiyeyi akatupa kibanda na kazi ya kupalilia pamba.

Ndugu zangu, kupalilia si aibu. Lakini mimi sikujua kupalilia. Nilikuwa nakata pamba na kuacha magugu, na yule mkulima, mtu mpole kabisa, alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa. Kila nilipoona mtoto wa jirani ana kidonda kilichofungwa vibaya, vidole vyangu viliniwasha. Nilianza kusahau majina ya dawa, moja baada ya jingine. Hilo lilinitisha kuliko njaa.

Nilikwenda Tororo kuomba kazi. Wakaniambia masomo ya Kifaransa hayatambuliwi hapa. Walisema kwa adabu, nami nikatoka kwa adabu. Kila siku niliomba, "Bwana, nifungulie mlango." Halafu nikasikia kwamba dispensari moja ya Busia ina upungufu wa wauguzi. Nikaenda. Mkuu wake alikuwa musawo Wafula, ndivyo wanavyomwita mganga huku, Msamia, mtu wa maneno machache. Akasema, "Tutakujaribu. Pima homa ya mtoto huyu."

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilimshika mtoto, na mkono wangu ukajua mara moja kwamba ana homa. Nikampima. Kipimo kikasoma mia moja na tatu. Ndugu zangu, sisi wa Kongo tulifundishwa kipimo kingine. Kwetu mtu mwenye afya husoma thelathini na saba, na mia ni maji ya chai! Nikakikung'uta, nikapima tena. Mia moja na tatu. Ningeuliza tu, jambo lingekwisha. Lakini mtu anayeomba kazi huogopa kuuliza. Nikamwambia musawo mbele ya wagonjwa wote kwamba kifaa chake kimeharibika.

Wafula akakichukua, akakitazama kwenye mwanga. "Bwana, kipimo ni kizima," akasema. "Wewe ndiye hujui kukisoma."

Mama wa yule mtoto akanyoosha mikono, akamchukua mwanawe kutoka kwangu. Mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyomchukua, nasikia uchungu. Nilitoka pale nimeshakata shauri kwamba narudi Kongo. Nilijua vizuri nitakachokutana nacho kule. Nilijiambia heri nife nikiitwa muuguzi kuliko kuishi nikiitwa mjinga. Hayo yalikuwa mawazo ya mtu aliyefungwa, ndugu zangu, ingawa sikuona kamba yoyote.

Nikapita soko la Busia, pale mpakani na Kenya, kumuaga mama Nabwire. Mnamjua, ameketi pale karibu na dirisha, anauza samaki wakavu. Alikuwa akija Kiyeyi kuuza, tukisali naye, na mara nyingi alimpa Anjelina kitoweo bila kusema kitu. Nikamwambia naondoka.

"Wewe nakwenda wapi na uso kama hiyo?" akauliza.

Nikamweleza habari za kipimo. Hakucheka. Akafikiri, akachukua debe lake la dagaa.

"Hii debe, sisi hapa najaza mpaka inaweka kilima juu," akasema. "Ng'ambo ya Kenya wanapangusa na kijiti, inakuwa sawasawa. Mtu ya kule akikuja kuuza hapa, siku ya kwanza anapangusa. Watu nasema mwizi. Si mwizi. Hakuna mtu amekaa na yeye."

Nikauliza maana yake nini, kukaa naye. Akanishangaa. Kumbe ni desturi ya wanawake wa soko lile. Mgeni akija, mwenyeji mmoja huweka kigoda kando yake, hukaa naye siku za mwanzo, humfundisha namna ya kujaza debe, na mnunuzi akianza kelele, mwenyeji ndiye anayemjibu. Mgeni akiharibu, lawama ni ya aliyekaa naye.

"Dispensari, nani amekaa na wewe?" akaniuliza.

Nikasema hakuna.

Akamwachia jirani yake samaki, akajifunga leso, akatangulia njia ya dispensari. Sikuwa na hamu ya kurudi kule, nawaambia ukweli. Alimkuta Wafula anakunywa chai. Akamweleza habari ya debe na kijiti, yote, kwa sauti ya sokoni, huku mimi nikitazama miguu yangu.

"Kwa hiyo unataka mimi nikae naye?" Wafula akauliza.

"Kaa na yeye, musawo. Akishindwa, mimi mwenyewe narudisha yeye kwa bibi yake, na wewe nakuja kunisema sokoni."

Wafula akanigeukia. "Kwenu mtu mwenye afya anasoma ngapi?"

"Thelathini na saba," nikajibu.

"Hapa ni tisini na nane na kitu." Akanywa chai yake. "Njoo kesho asubuhi."

Akakaa nami. Alinifundisha kipimo chao na majina ya dawa kwa Kiingereza, na nilipokosea alinisahihisha kwa sauti ya chini. Lakini wagonjwa walikuwa bado wananikimbia, kwa sababu habari ya siku ile ilikuwa imeenea. Basi mama Nabwire akaja tena. Alikuwa na kidonda cha siku nyingi kwenye mguu. Akawapita wote waliokuwa wakimngoja Wafula, akakaa mbele yangu, akanyoosha mguu. Nikakisafisha, nikakifunga. Akaenda sokoni na bandeji nyeupe, na kila aliyeuliza alielezwa ni kazi ya nani. Kilipopona, benchi langu likajaa. Baadaye nikaandikwa kazi.

Ndugu zangu, niliomba mlango, na nilitarajia Mungu atumie mkono mkubwa. Akamtuma mama anayenuka samaki. Nilikuwa nakwenda kufa kwa kiburi, naye akanirudisha. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na namshukuru yeye mwenyewe, ingawa anaona haya na sasa hivi ameinamisha kichwa.

Nimalizie. Kule Kirewa kuna dada kutoka Sudani, jina lake Rebeka, ambaye naye amekimbia vita. Ni mkunga. Amefundishwa, nimemwuliza mambo ya kazi na anayajua. Tangu aje anachimba viazi. Leo yuko hapa, kwenye benchi la nyuma, usijifiche, dada. Wafula amekubali aanze Jumatatu, na atakayekaa naye ni mimi. Atakosea mambo ya huku, na atakapokosea mje mnilaumu mimi.

Lakini kukaa kwangu peke yangu hakutoshi. Kwangu mimi, mama Nabwire ndiye aliyenyoosha mguu wa kwanza, na ndipo wengine wakaja. Naona hapa wanaume watatu ambao wake zao wamekaribia kujifungua. Mnasema mnamwamini Mungu kwa mambo yote, nami nimewasikia mkiitikia Amina tangu nianze. Asanteni kwa Amina. Jumatatu tutafungua mlango asubuhi, mimi na Rebeka, na tutawangoja wake zenu.