Maji Ambayo Bori Hakuyamwaga

Ndugu, majirani, na nyie wa maabara mliojibanza huko nyuma, sogeeni mbele, marehemu ni wenu pia, mimi ni Terka, shangazi yake, kusoma sikusoma sana, kwa hiyo karatasi nimeishika tu, nitasema.

Marehemu Kertész Borbála, Bori wetu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 hapa hapa Makó, kwenye vitunguu vyetu, mtoto pekee wa kaka yangu Vince, akaanza shule mwaka 1972 akiwa hana rafiki ila vyura, alileta mmoja jikoni kwangu, nikapanda mezani na unene wangu huu, meza ikavunjika, chekeni tu, hata yeye alicheka.

Mwaka 1984 alienda chuo kikuu Szeged kusomea seli, na mwaka 1990 akaajiriwa maabara kule kule, ambako seli hufugwa ndani ya maji, wenzake wakishazitoa wanayamwaga, yeye akawa anapita na chupa kuyaomba, kwa sababu alisema seli hutema humo vifuko vidogo mno, vingine huamsha askari wa mwili, akatafuta miaka na miaka kemikali ya kuzifanya ziteme vifuko hivyo kwa wingi, ili chanjo ikolee hata kwa vizee kama mimi. Walimwita Mama Takataka. Mimi nilimwelewa, jibini kila mtu anaitaka, maji yake anayataka nani, nguruwe na Bori.

Tarehe 11 Juni 1994 alifunga ndoa na Barta Zoltán, sura nzuri, subira hana, akaondoka mwaka 1999, watoto hawakujaliwa. Kila Desemba 4, siku ya jina lake kwenye kalenda, siku ambayo mtu haalikwi bali anakuja mwenyewe, Bori alioka pogácsa, vile vimkate vya chumvi, sinia zima, akawasha taa ya ngazini, akangoja, nikashuka kwenye basi mimi peke yangu, tukala mbilimbili, zilizobaki zikakaukia dirishani.

Machi mwaka huu, 2023, akakutwa na saratani ya kongosho, wakati kemikali yake ndiyo inajaribiwa kwa panya wazee, na hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba atakufa kabla ya kujua. Desemba 4 nilimpelekea sinia la pogácsa hospitalini, mara mlango ukafunguka, wakaingia maabara nzima, hawakualikwa, na Gyöngyvér, huyo huyo aliyemtungia lile jina la Mama Takataka, akamwinamia.

"Dada Bori, chanjo imekolea kwa wale panya wazee. Maji hatumwagi tena."

Bori akawatazama wote, akauliza, "Mmekula?"

Alifariki tarehe 6, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliojifanya hawaoni umati ule wodini, majirani wanaomlisha paka wake, na nyie wa maabara, mlichelewa lakini mlikuja.

Lala kwa amani, mwanangu, mwaka huu sinia limerudi tupu.