Mgonjwa Namba Kumi na Nne

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali. Profesa Brodersen, ambaye sisi Wadenmark tunamwita Aksel tu ili ionekane tuko sawa. Ndugu madaktari, wauguzi, na wageni mliokuja kuniaga au kula keki:

Nimesifiwa kwamba mimi, Solvej, nina mikono mitulivu. Ni kweli. Kwa miaka ishirini na miwili nimeshika kifaa cha ultrasaundi kwenye panja za watu wenye kipandauso, nikisikiliza damu ikipita ubongoni na kuwabembeleza wasitapikie viatu vyangu. Naye Aksel, bingwa wa maumivu ambayo hajawahi kuyapata hata siku moja, ameyaeleza kwa ufasaha mbele ya nusu ya dunia.

Nani hapa hajaonyeshwa mchoro wake kipenzi wa mwendo wa damu, wa mgonjwa namba kumi na nne? Upande unaouma damu imepungua kasi, maana mshipa umetanuka. "Shambulio safi kuliko yote," husema. "Huyu hawezi kuwa anajifanya."

Asubuhi mchoro huo ulipopatikana, mimi sikuwa kwenye mashine. Aksel akaniuliza mbele ya wote, "Ulikuwa wapi, Solvej? Kichwa tena? Sote tunaumwa vichwa, mama. Kunywa maji." Na kwa kuwa katika idara yetu anayekosea huleta keki, nikaoka ya matufaha. Aksel aliongeza kipande cha pili.

Sasa niseme nilikuwa wapi. Mgonjwa wa siku ile hakutokea, kipandauso kikanishika mimi, nikatia sahihi fomu ya kukubali kupimwa na kulala kitandani pake. Daktari Viggo akanipima, akaandika namba badala ya jina, kama taratibu zinavyotaka. Namba kumi na nne ni mimi, Aksel. Miaka tisa umenisifu kwenye mikutano ya nje na kunibeza koridoni. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kazi yangu anaichukua Tove. Nimekuona, Aksel, ukitazama saa na kunong'ona, "Na huyu naye yuko wapi?" Yuko chumba cha vipimo, taa zimezimwa, ndoo iko pembeni, mlango nimemfungia mimi. Akikubali, nenda kampime. Lakini mwamini kwanza, kabla mashine haijakuambia.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mkitoka, piteni koridoni taratibu.