Mhandisi Aliyekata Kona za Mnara

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Mzee Kona, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mshona nguo. Dada yake anasema alichelewa kutembea, lakini kubisha hakuchelewa.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya baba yake, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1975 alihitimu uhandisi wa majengo, akaajiriwa kupima jinsi upepo unavyoyasukuma maghorofa.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati. Wiki haijaisha, bibi harusi akakuta sabuni zote za bafuni zimechongwa maghorofa na kupangwa mbele ya feni.

"Mume wangu, leo tunaoga na nini?"

"Chukua lile la duara. La mraba bado nalipima."

Mwaka 1994 alikataa kutia saini ramani ya mnara wa ghorofa arobaini.

"Upepo ukifika kwenye kona kali," alimweleza mwenye jengo, "hukatika kwa zamu, mara kushoto, mara kulia, na jengo linaanza kuyumba. Tuzikate kona, upepo upite zake."

"Kona ndizo ofisi za wakubwa! Wahandisi wengine wapo wengi!"

Meneja wake kazini alimpa marehemu hadi Ijumaa: saini au barua ya kuacha kazi. Ijumaa akaja na mifano miwili midogo ya mnara, akaiweka mbele ya feni kubwa. Wa kona kali ulitetemeka, ukayumba, ukang'oka, ukatua kwenye chai ya mwenye jengo. Wa kona zilizokatwa ulitikisika kidogo tu.

Mwenye jengo alijifuta suruali. "Kata," akasema.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo. Alipolazwa ghorofa ya saba, aliomba ashushwe chini, na hapo ndipo alipokiri kwa binti zake: "Mimi urefu naogopa tangu utoto. Kule mnarani nilipanda mara moja, tena nimefumba macho."

Alihamishiwa ghorofa ya chini. Huko alifariki tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada yake, na mpangaji wa ghorofa ya arobaini ya mnara ule, aliyeomba naye atajwe, kwa kuwa miaka yote hii chai yake haijawahi kumwagika.

Mungu amjalie pumziko tulivu.