Profesa Teodosia Saturnini: Mkutubi Aliyekataa Kuondoa Kitabu Rafuni

Baba Paroko, wanafamilia, majirani wa Nambilanje na wageni wetu kutoka Dar es Salaam. Mimi ni Kassian Saturnini, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwaeleza dada yetu alikuwa nani. Nitajitahidi kusoma bila kusimama.

Marehemu alizaliwa Chiola, wilayani Nachingwea, tarehe 17 Agosti 1952, mtoto wa pili kati ya sita wa Katekista Saturnini na Mama Koleta. Baba ndiye aliyetunza madaftari ya ubatizo, na watu walikuja hata kutoka Kiegei kuuliza miaka yao. Akiwa na umri wa miaka tisa tu, Teodosia alijua kila ukoo uko ukurasa gani. Mzee mmoja alipoambiwa na kale katoto kwamba ana miaka arobaini na tisa, si sitini kama alivyodhani, alisema, "Mwanangu, umenirudishia nguvu." Kesho yake tulimwona anafyeka shamba jipya.

Alianza darasa la kwanza Chiola mwaka 1960, akaendelea na shule ya kati ya misheni, kisha sekondari ya wasichana Mtwara, na kumaliza kidato cha sita Tabora mwaka 1973. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alifanya kazi kama msaidizi wa maktaba Mtwara. Wenzake walimwonea huruma, wakisema kazi ile ni ya kupangusa vumbi. Yeye aliipenda. Mwaka 1977 aliingia Chuo Kikuu, akahitimu mwaka 1980. Baadaye alisomea ukutubi Ibadan, Nigeria, alikopata shahada ya uzamili mwaka 1983 na ya uzamivu mwaka 1992.

Tarehe 11 Oktoba 1980 alifunga ndoa na Mwalimu Luka Agapiti, mzaliwa wa hapa Nambilanje, mwalimu wa hisabati. Walijaliwa watoto wawili, Marystella na Kasiano. Shemeji Luka alitangulia mwaka 2019.

Sasa nifike kwenye kazi yake. Chuo sitakitaja, kwa sababu mwenyewe hakupenda kukitaja katika habari hii. Mwaka 1998 alikuwa mkutubi mkuu pale na mhadhiri wa sayansi ya habari. Mwanafunzi wake mmoja, Gaudensia, aliyeko nasi leo, aligundua kwamba tasnifu ya uzamivu ya mkubwa mmoja wa chuo ilikuwa imenakiliwa, ukurasa kwa ukurasa, kutoka katika tasnifu ya mtu mwingine. Huyo mwenye kazi yake alikuwa ameshafariki. Ilibaki nakala moja tu ya kazi ile, nayo ilikuwa rafuni katika maktaba ya dada yetu.

Yule mkubwa alimwita ofisini, akamkaribisha chai.

"Mama, kile kitabu kiondoe. Ukiulizwa, sema kililiwa na mchwa."

"Mzee, mchwa hawali kitabu kimoja wakaacha jirani yake."

"Basi na uprofesa wako utasubiri."

"Sawa. Tutasubiri wote."

Chai hakuinywa. Mwezi uliofuata alivuliwa ukuu wa maktaba, akapelekwa kupanga magazeti ya zamani katika ghala lililoko chini ya jengo. Siku ile alirudi nyumbani akalia mbele ya mumewe. Shemeji alimwacha alie, kisha akamwambia, "Kesho nenda. Lakini usiende na macho mekundu." Alikwenda. Alikwenda miaka sita. Katika ghala lile alipanga magazeti yote, mwaka kwa mwaka, na kuyaandikia orodha ambayo watafiti wanaitumia hadi leo. Kila Ijumaa jioni alipanda juu maktabani kama msomaji wa kawaida, kuangalia kama kile kitabu bado kipo, na kila mtu pale alijua kwamba anakiangalia.

Wenzake waliacha kumsalimia. Aliwahi kuniambia kwamba hilo lilimuuma kuliko cheo.

Mwaka 2004 kamati ilikuja kuchunguza tasnifu ile. Iliomba kitabu, na kitabu kilikuwepo. Yule mkubwa alivuliwa shahada. Gaudensia alikimbia ghalani kumpa habari akidhani watashangilia. Marehemu akasema, "Ana watoto yule. Mwaka wa mtihani huu." Jumapili ile alimfuata nyumbani kwake kumpa pole. Walizungumza nini, hakuna ajuaye.

Alirudishiwa maktaba, na mwaka 2009 akawa profesa kamili. Alisimamia wanafunzi kumi na wanane wa uzamivu, na kwa kila mmoja alisoma hata orodha ya marejeo, mstari kwa mstari.

Alistaafu mwaka 2017, akahamia hapa Nambilanje, kwao Shemeji, kulima ufuta na kufungua chumba cha kusomea karibu na kanisa la kigango, pamoja na darasa la watu wazima. Mwaka ule wa ugomvi wa ng'ombe kuingia mashambani, mkulima Bi Fatu na mfugaji Bwana Shija walikaa mabenchi tofauti, kila mmoja ameangalia ukuta wake. Marehemu aliwaambia, "Kitabu ni kimoja. Sogeeni." Walisogea.

Alikuwa na ugonjwa wa kisukari tangu mwaka 2011. Mwaka 2022 ugonjwa huo ulimpofusha. Hatukuwahi kumwona ameshindwa namna ile. Wiki mbili hakutaka kuongea na mtu. Ndipo Bi Fatu, mwanafunzi wake, alipokuja na gazeti, akaanza kumsomea silabi kwa silabi. Hakuuliza. Akaja na kesho yake, akaja miaka miwili. Mwezi Mei mwaka huu figo zilishindwa, akalazwa hospitali ya misheni.

Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, Bi Fatu alikuwa anamsomea habari za bei ya korosho. Marehemu akamwambia, "Pumzika, Fatu, umechoka."

"Sijachoka, Profesa."

"Basi endelea."

Bi Fatu aliendelea. Alipofika mwisho wa ukurasa, dada yetu alikuwa ameshatutoka.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na wanafunzi ambao leo wamejaza uwanja huu. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, wanajumuiya, na wewe, Bi Fatu.

Ee Bwana, mpokee mja wako Teodosia, umpe pumziko jema nyumbani kwako. Amina.